Ishara za Kyalo

Juzi nilisimama kwenye foleni ya duka la dawa nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akinunua dawa ya kuchua misuli. Aliifungua palepale kwenye kaunta na kuinusa kama mtu anayekagua maziwa, na ile harufu kali ya mnanaa na kafuri ikanipata usoni. Nilitoka bila kununua nilichofuata. Nikaenda kukaa garini na vioo nimevifunga, mwanamke mzima, mama wa watoto, nikilikimbia jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi.

Harufu ile ni ya bega la kulia la kaka yangu Kyalo. Ni ya fleti yetu ya vyumba viwili kule Al Mankhool, ghorofa ya tatu, ambako kiyoyozi cha sebuleni kilidondosha maji kwenye ndoo mwaka mzima na hakuna aliyekitengeneza. Nyinyi mliokulia Dubai enzi zile mtakumbuka maisha yale: kadi za simu za kukwangua kwa sarafu, ibada ya Ijumaa kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya kazi, na wazazi waliosema kila mwaka kwamba huu ndio wa mwisho, mwakani tunarudi nyumbani. Sisi nyumbani kwetu ni Kitui. Nilikuwa naijua kwa picha.

Baba alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye maghala ya Dubai Investments Park. Mama alikuwa yaya wa basi la shule ya Waamerika. Aliwafunga watoto wa watu mikanda asubuhi na kuwafungua jioni. Shule ile iliwapokea watoto wa wafanyakazi kwa karo nafuu, na ndivyo Kyalo alivyoingia, kisha mimi, watoto wawili wa mlinzi katikati ya watoto wa mameneja wa mafuta. Kyalo alinizidi miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuja wakati Mama alikuwa ameshagawa nguo zote za mtoto.

Mkono wa Kyalo ulifunzwa Naif, mtaa wa maduka ya jumla hukohuko Dubai. Kila likizo alikwenda kumsaidia mjomba wetu aliyefunga mizigo ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, mashuka, viatu, sufuria, na kazi ya Kyalo ilikuwa kusimama chini na kumrushia mtu aliyekuwa juu ya lori. Furushi likienda kombo lilimwangukia mwenye mali, na wale mama wa Kampala na Dar es Salaam hawakuwa na utani na mali yao. Kwa hiyo alijifunza kurusha kitu kizito mbali na kukifikisha kifuani mwa mtu. Siku moja shuleni mpira wa wale Waamerika ulitoka nje ya uwanja, Kyalo akaurudisha kwa mkono kutoka karibu na geti, na mwalimu wa michezo akauacha mchezo wake, akamfuata hadi kwenye basi.

Kwa asiyeujua mchezo ule, mpira wao una umbo la papai dogo na ni nadra kupigwa kwa mguu. Yuko mtu mmoja, wanamwita kwotabeki, ambaye kila mara huupokea yeye kwanza na kuamua uende kwa nani, na wenzake wengi kazi yao ni kumkinga asivunjwe mbavu. Kyalo akawa kwotabeki wa shule. Alipomaliza, chuo kimoja kidogo huko Amerika, kwenye jimbo la baridi na mashamba ya mahindi, kikamchukua kusoma na kuchezea timu yao bila kulipa. Baba alilia uwanja wa ndege. Alikuwa amefungua mageti ya watu miaka kumi na mitano akisema yes sir, yes madam, na sasa mtoto wake alikuwa akipita geti ambalo yeye asingeruhusiwa hata kulisogelea.

Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Baba alikwangua kadi, akapiga, akauliza swali lilelile: "Unacheza?" Na Kyalo akajibu lilelile: "Niko na timu, Baba." Nataka ijulikane kwamba kaka yangu hakuwahi kutuongopea kwenye simu. Alinyamaza tu mahali ambapo Baba alikuwa akijaza mwenyewe.

Mwaka wa pili ikaja kanda ya video kwenye bahasha yenye stempu za bendera. Deki yetu haikuelewana na kanda za Amerika, picha ikatoka nyeusi na nyeupe, na kwa hiyo hatukujua hata timu ipi ni ipi, wote walikuwa kijivu na makofia yao ya chuma. Tulimtafuta Kyalo kati ya wale waliokuwa wakigongana, hatukumwona. Kisha Mama akapiga kelele na kugusa kioo cha televisheni kwa kidole. Kyalo alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja, kofia ya kawaida kichwani, nguo safi kabisa. Na alikuwa akifanya kitu kwa mikono. Aligusa sikio, akagusa kiwiko, akashika mkanda, akapiga kofi mara mbili, akazungusha ngumi hewani. Uwanjani wale wachezaji wakubwa waligeuka wakamtazama, wakainama, mchezo ukaanza.

Baba akairudisha kanda nyuma, akaitazama tena, na tena. Kisha akasimama katikati ya sebule.

"Mmeona? Kabla hawajaanza wote wanamtazama nani?"

"Kyalo!" nikasema.

"Hawasogei mpaka awaambie. Na angalieni nguo zake. Sir wetu wa kazini mmewahi kumwona na jasho? Mkubwa hachafuki. Anayechafuka ni yule anayetumwa."

Basi ndivyo tulivyouelewa mchezo. Mtu aliyezoea gwaride la walinzi asubuhi, ambako anayetoa amri husimama kando na shati lililopigwa pasi, angeuelewa vipi vingine? Kulikuwa na vijana wengine wawili kando ya Kyalo, nao wakichezesha mikono. Baba alisema hao ni wasaidizi wake, wanajifunza.

Kuanzia hapo hakuna mgeni aliyeondoka kwetu bila kuiona kanda ile. Wa kwanza alikuwa Bi Zuwena, jirani yetu wa mlango wa pili, Mzanzibari aliyeishi Dubai tangu kabla barabara hazijawekwa taa. Alitazama mikono ya Kyalo huku akila karanga.

"Masha Allah, jirani," akasema. "Mwanao ana mikono kama bibi harusi anayekausha hina."

Baba akacheka, maana siku hizo hakuna neno lililoweza kumuudhi. Kanisani alijipiga kifua, kazini alitia chumvi. Walinzi wake wote walijua kwamba mwana wa msimamizi anaendesha timu nzima Amerika kwa vidole.

Na mimi nilivimba kichwa kuliko yeye. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na kiwanja cha mchanga ambako watu waliegesha magari, na hapo niliunda timu yangu. Nilivaa kofia ya kazi ya Baba, nikasimama pembeni na nguo safi, nikagusa sikio, kiwiko na mkanda, na watoto wa jengo wakakimbia nilivyotaka. Hizo ishara nilizijua zote kwa kichwa. Maana zake nilizitunga na kuzibadilisha nilipopenda, ili nipate mtu wa kumkosoa. Aliyekosolewa zaidi alikuwa Nakato, binti wa Kiganda ambaye mama yake alifanya kazi hotelini, mtoto mpole aliyetaka tu kuchezeshwa. Siku moja nilimpa ishara ya kukimbia moja kwa moja bila kusimama, na mbele yake kulikuwa na ukuta. Alikimbia. Aling'oka jino la mbele, na nilimwambia kosa ni lake, hakusoma mikono vizuri. Akaniomba msamaha huku damu ikimtoka mdomoni, nami nikampa.

Kyalo alirudi likizo ya mwaka wa tatu, mwezi wa tano, sisi wengine tukiwa bado shuleni. Alikuwa amenenepa shingo, na mkono wa kulia aliubeba kwa uangalifu. Kila jioni Mama alimkalisha kwenye kiti cha jikoni akamchua bega kwa ile dawa, na fleti nzima ikanuka mpaka kwenye mito. Baba alisema bega la mtu wa amri huchoka kwa kuinuliwa sana. Kyalo akatazama chini.

Mimi nilikuwa nimemsubiri ili aione timu yangu. Siku ya pili tu nilimburuta hadi kiwanjani, nikawapanga watoto, nikavaa kofia, nikaanza. Sikio, kiwiko, mkanda. Nilitegemea apige makofi. Alikuja mbio akanishika mikono yote miwili, akanibana mpaka mifupa ikauma.

"Wacha hiyo ujinga," akasema. "Nisikuone tena ukifanya hivyo. Umenisikia?"

Aliniachia akaondoka. Watoto wote walikuwa wakiniangalia, na Nakato akacheka na pengo lake. Sikumchukia Nakato. Nilimchukia Kyalo, kwa chuki ya mtoto, ambayo haina breki.

Kesho yake kwenye basi nilikaa karibu na Brent, kijana wa darasa la nane ambaye kaka yake naye alichezea chuo huko kwao. Nikamwonyesha zile ishara na kumuuliza maana yake hasa. Akaniuliza aliyezifanya alikuwa nani. Nikamwambia kaka yangu, na kwamba kando yake kulikuwa na wengine wawili. Brent akaeleza kwa upole kabisa, akidhani ananisaidia. Timu pinzani huiba ishara, alisema. Kwa hiyo wanasimamishwa watatu. Mmoja ishara zake ni za kweli, na wachezaji peke yao wanajua ni yupi. Wawili ni wa kuwachanganya wapinzani, wanachezesha mikono bure. Na kazi hiyo hupewa makwotabeki wa akiba, wale ambao hawachezi.

"Wa kweli kwa kawaida huwa na kocha nyuma yake anayemnong'oneza," akaongeza. "Kaka yako alikuwa na mtu nyuma yake?"

Nilikuwa nimeitazama kanda ile mara mia. Nyuma ya Kyalo kulikuwa na pipa la maji.

Neno lile nililibeba siku tatu na sikumwambia mtu. Katika siku hizo tatu nilisikia jambo lingine, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko lile la Brent. Nilikuwa nimejikunja kwenye korido, Kyalo akiwa jikoni na Mama, akichuliwa.

"Mwaka huu wa mwisho kocha amesema nitapigania nafasi kama wengine," alisema. "Agosti, kwenye kambi. Bega likipona naweza kuipata, Mama. Lakini usimwambie Baba kwa sasa. Wacha niipate kwanza, ndipo nimwambie yote."

"Na akikuuliza kuhusu hiyo kanda?"

"Nitamwambia anachotaka kusikia. Ni miezi miwili tu."

"Basi mpe raha yake," Mama akasema. "Hana nyingine."

Nilisikia na nilielewa. Sitajificha nyuma ya utoto. Nilijua kwamba Kyalo alihitaji miezi miwili ya kimya, na kwamba kimya hicho kilikuwa mdomoni mwangu.

Ijumaa baada ya ibada Baba alialika watu. Sebule ilijaa hadi mlangoni, watu wa kanisa, walinzi wawili wa Baba waliokuwa na ruhusa, na Bi Zuwena na karanga zake. Baba akaweka kanda, akaisimamisha Kyalo alipojitokeza.

"Leo mwenyewe yupo," akasema. "Kyalo, waelezee wazee. Hiyo ya kushika sikio inasemaje?"

Kyalo alimtazama Mama. "Hiyo ni... kuwaambia wapitie kushoto."

"Na mkanda?"

"Warushe mbali."

Baba akaiachia kanda iendelee. Wale watu wa kijivu wakapitia kulia, na hawakurusha chochote. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi, kwa sababu wote walikuwa wakimtazama Kyalo kwa mapenzi.

"Uongo," nikasema.

Mama aliniita jina langu kwa sauti ya chini. Nilisimama na kumwaga mtama wote. Nilisema wanasimamishwa watatu, wawili ni wa bure, Kyalo ni wa bure, nyuma yake ni pipa. Nilisema hachezi, hajawahi kucheza, ni wa akiba wa akiba. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kusema mistari ya Biblia mbele ya kanisa. Nilipomaliza, Bi Zuwena akaangua kicheko.

"Ala! Kumbe mwana ni sanamu la duka la Naif? Limevishwa nguo nzuri, likasimamishwa!"

Hakuwa na nia mbaya. Bi Zuwena angefanya mzaha hata kwenye matanga yake mwenyewe. Lakini mlinzi mmoja akacheka, wa pili akamfuata, na sebule nzima ikapasuka. Baba naye alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko wote, akifuta macho, akiwaambia watu wale biriani kabla haijapoa.

Wageni walipoondoka alizima televisheni, akakaa, akasema, "Simama hapa." Kyalo akasimama mbele yake.

"Fanya ya sikio."

Kyalo akagusa sikio.

"Maana yake?"

"Hakuna, Baba."

"Kiwiko."

Akagusa kiwiko.

"Maana yake?"

"Hakuna."

Alimpitisha kwenye zote, mkanda, makofi, ngumi, na kila moja akamlazimisha aseme hakuna. Jikoni Mama alikuwa akiosha sahani na bomba ameliachia mpaka mwisho. Kyalo alipotaka kuushusha mkono kwa sababu ya bega, Baba akamwambia auache juu. Mimi nilikaa kwenye kochi nikatazama, na mwanzoni, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kazini wale walinzi wawili walishapeleka habari. Wakampa Baba jina, Baba Sanamu, na kwa vile yeye ndiye aliyewakagua viatu na kuwafokea kila asubuhi, walilitumia bila huruma, nyuma ya mgongo wake lakini si mbali sana. Kila Baba aliposikia jina hilo, Kyalo alilipia jioni. Mgeni akija, hata mtu wa kuleta gesi, Baba alisema, "Kyalo, mwonyeshe." Na Kyalo, mwanamume wa miaka ishirini na mmoja, akaonyesha. Kwa nini hakukataa nimejiuliza miaka yote. Nadhani alijua kwamba tiketi ya kurudi bado iko kwa Baba, na pasi yake iko kwenye kabati la chuma la chumbani kwa Baba, na akaamua kumeza mpaka Agosti.

Hakufika. Mwishoni mwa Juni Baba alitangaza kwamba masomo yamekwisha, khalas. Alikuwa ameshaongea na sir wake, kuna nafasi ya mlinzi. Mtoto wa kiume aliyepita miaka kumi na minane alikaa kwenye visa ya baba yake kama tu anasoma, kwa hiyo ingebidi pasi ipelekwe kwa kampuni, ageuzwe visa. Kyalo alibishana usiku ule mmoja tu, na alishindwa. Baba akamsimamia akiandika barua kwa kocha, kwamba harudi, anashukuru. Baba mwenyewe akaituma kwa faksi ya ofisi.

Katikati ya Julai, alasiri, nikiwa peke yangu nyumbani, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee wa Kiamerika, nzito, ya mtu anayepiga kelele kazini. Akauliza kama hapo ni kwa Kyalo. Nikasema mimi ni dada yake. Akasema yeye ni kocha.

"Nimepata barua yake, nimeitupa," akasema. "Mwambie hivyo. Kwotabeki wangu wa kwanza amehamia chuo kingine na wa pili amevunjika mguu. Sina mwingine. Mwambie timu ni yake. Sio kupigania, ni yake. Anahitaji tu kuwa hapa siku ya kwanza ya Agosti. Utakumbuka?"

"Ndiyo, sir."

"Hebu sema."

"Timu ni yake," nikasema.

"Msichana mzuri," akasema, akakata.

Nilicheza kwa furaha peke yangu sebuleni. Nilikuwa nimepona kabisa ile chuki, na siku zote zile za "mwonyeshe" sasa niliziona ni kosa langu. Nilikuwa nikitafuta namna ya kurekebisha, na namna imekuja yenyewe kwa simu. Kilichonipotosha ni kwamba nilidhani nakijua kilichomuuma Baba. Nilidhani amekasirika kwa sababu Kyalo hachezi, kumbe kilichomuuma ni kuchekwa. Kwa hiyo atakayefurahi zaidi ni yeye, na yeye ndiye nikamwambia kwanza, mlangoni, kabla hajavua viatu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua kiatu kimoja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi umeshaniambia," akasema. "Inatosha. Usimwambie mtu."

Nikaona macho yake yamelowa, nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba anataka kumpa Kyalo habari hii mwenyewe, kwa kumshtua. Mimi mwenyewe aliwahi kunifanyia hivyo na baiskeli. Aliificha wiki nzima, akaileta Ijumaa. Kyalo alirudi jioni ile kutoka kufanyiwa vipimo vya afya vya visa, akaketi kula. Na mimi alikuwa hajanisemesha tangu siku ya kanda. Nilikaa mbele yake nikitabasamu kama mjinga, nimeubana mdomo, nikiwaza uso wake Ijumaa utakavyokuwa. Aliniona nikitabasamu. Akachukua sahani yake akaenda kula balkonini kwenye joto.

Jumatano Baba alitoa pasi kwenye kabati la chuma akaipeleka kwa mandubu wa kampuni, yule mtu wa kushughulikia karatasi za serikali. Ijumaa ilifika, tukaenda ibadani, tukarudi, tukala wali. Nilimtazama Baba mpaka akaniuliza nina nini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukusudia kumwambia kamwe. Bado kulikuwa na wiki mbili. Pasi ingeweza kurudishwa, karatasi zilikuwa hazijagongwa mhuri. Ningeweza kwenda balkonini na kusema maneno matatu. Lakini sasa ningelazimika kueleza pia kwamba nilijua tangu mwanzoni mwa wiki, kwamba nilikaa nikamchekea na habari ile mdomoni, na niliogopa kuchukiwa zaidi ya nilivyokuwa nikichukiwa. Nilimwogopa na Baba. Siku ya kwanza ya Agosti Kyalo alivaa sare ya bluu iliyompwaya kiunoni na kumbana shingoni, akapanda basi la wafanyakazi pamoja na Baba kwenda Dubai Investments Park.

Maisha yake yote ya ukwotabeki wa chuo nimeyakusanya baadaye, kwa kuuliza na kutafuta. Miaka mitatu. Aliingia uwanjani mara moja, mwaka wa tatu, zikiwa zimebaki dakika chache na timu yake imeshapigwa vibaya. Alijaribu kurusha mara mbili. Mpira wa kwanza ulimfika mtu kifuani, kama furushi la Naif. Wa pili aliangushwa kabla haujamtoka, na ndipo bega lilipoharibika. Hilo ndilo alilokuja nalo nyumbani, na hakutuambia hata kwamba alikuwa amerusha.

Baba alikufa Kitui miaka michache iliyopita, akiwa amesamehewa na kila mtu. Mwaka jana nilikwenda Dubai nikakaa kwa Kyalo, fleti ya familia hukohuko Dubai Investments Park. Sasa yeye ndiye msimamizi, ana mke na binti wawili, na ananisemesha vizuri, kwa adabu ya mtu anayesemesha mgeni. Ijumaa asubuhi alikuwa mezani akikata tikiti maji, mkewe chumbani akiwasuka watoto nywele. Nikaona kwamba sasa au basi.

"Kyalo, nina kitu sikuwahi kukuambia. Mwaka ule, baada ya ile barua, kocha wako alipiga simu. Mimi ndiye niliyepokea."

Kisu kikasimama.

"Kocha? Baada ya barua?"

"Ndiyo."

"Kumbe aliisoma." Alikaa. "Wajua miaka yote hii nilidhani hakuisoma? Nilidhani iliingia kwenye pipa la taka. Nikasema basi, sikuwa mtu wa kujibiwa." Alinitazama kama ambavyo hakuwahi kunitazama tangu nikiwa na miaka kumi. "Alisema nini? Niambie vile alivyosema."

Maneno yalikuwepo. Yapo mpaka leo, na sauti yake, na mahali alipovuta pumzi. Nikamtazama kaka yangu, mvi zimemwingia kidevuni, na beji ya kampuni shingoni hata siku ya mapumziko.

"Alisema amepata barua," nikasema. "Anashukuru kwa kazi uliyoifanya. Anakutakia kila la heri."

Uso wake ulifunguka wote. Akamwita mkewe aje asikie: kocha alipiga, alipiga simu mwenyewe, kutoka kule, kumtakia heri. Watoto wakaja mbio na nywele zimesukwa nusu, wakauliza kocha ni nani, naye akaanza kuwaeleza. Kisha akanigeukia, akanishika bega, akaniambia asante, asante sana kwa kunikumbukia. Akanikatia tikiti kipande cha katikati, kitamu, kisicho na mbegu, na nikakila chote mbele yake.